Barua kwa mwanangu: hiyo VS2 na SI1 uliyoniuliza

Mwangaluka baba. Ujumbe wako wa jana usiku nimeuona alfajiri, nikausoma mara mbili maana miwani niliiacha sebuleni. Unasema sonara huko Dar kakuwekea pete mbili mezani, zote almasi ya nusu karati, zote za duara, rangi ileile, moja karatasi yake ya cheti imeandikwa VS2 na nyingine SI1, ila ile ya VS2 imezidi hela mpaka ukiichukua itabidi ukope, halafu ukauliza "baba hizo herufi ndo nini na nichukue ipi". Haya, kaa chini, maana hilo swali nimelijibu pale dukani miaka yote kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Hizo herufi zinahusu usafi wa jiwe. Almasi inajiumba chini kabisa ardhini, kwenye joto na mgandamizo ambao hatuwezi hata kuufikiria, ikipanda juu inakuja na vitu vyake tumboni: kijiwe kingine ilichokimeza, ufa mwembamba kama unyoya, vinukta vimejikusanya kama wingu. Kipimo kinachotumika sana ni cha GIA, taasisi ya Marekani, walikianzisha 1953, na kina ngazi 11. Juu kabisa FL, haina kitu ndani wala usoni. IF ndani safi ila usoni ina vialama vidogo. Zinafuata VVS1, VVS2, VS1, VS2, SI1, SI2, na mwisho I1 mpaka I3, hizo za I mara nyingi kasoro unaiona kwa macho yako tu.

Sasa hapa ndo watu wanapopotea. Hiyo ngazi inatolewa na mtu mzoefu aliyeshika lenzi inayokuza mara 10. Mkamwana wangu hatatembea na lenzi mfukoni. Unakumbuka asali ya Sikonge mama yako alivyokuwa anajaza kwenye chupa, wewe unainyanyua dirishani kutafuta mguu wa nyuki? Ukiiweka kabatini ni asali safi, ukiisogeza puani kwenye jua ndo unaona chembe ya nta. VS2 na SI1 tofauti yake iko kwenye kuisogeza puani, ukiwa umekaa kawaida SI1 nyingi huoni kitu kabisa. Nyingi nimesema, sio zote.

Maana SI1 mbili sio mapacha. Wanaotoa ngazi wanaangalia kasoro ni kubwa kiasi gani, ziko ngapi, za aina gani, zinajitokeza vipi, na ziko wapi, na mimi hii ya wapi ndo naishikilia zaidi. Kinukta cheusi kikikaa chini ya ule uso bapa wa juu, almasi inakirudisha kama vioo vya kinyozi, kimoja unaona vitano. Kinukta hichohicho kikiwa pembeni sonara anakifunika na ukucha wa pete, yaani kile kishikizo cha chuma kinachobana jiwe, habari imeisha. Ila ufa ukifika ukingoni uogope, siku pete ikigonga sinki jiwe linaweza kumeguka hapo. Karatasi ya jiwe dogo kama lako mara nyingi haina mchoro wa kuonyesha kasoro zilipo, inataja aina tu, kwahiyo muombe sonara lenzi uangalie mwenyewe, na muulize jiwe linaonekana safi kwa macho matupu au la, usione aibu, hela ni yako.

Ntakwambia kitu ambacho mama yako peke yake ndo anakijua. Kuna mwaka alikuja mzee mmoja na pete ya marehemu mkewe, ukucha umekatika, anataka nichomelee. Jiwe lilikuwa jeupee, nikaliangalia harakaharaka nikaona zuri, nikawasha moto bila kulitoa. Dakika haijaisha likaanza kufifia mbele yangu, mistari ikatokea ndani kama kioo cha gari kilichopigwa jiwe. Kumbe nyufa zake zilikuwa zimejazwa kitu kama glasi ili zisionekane, na moto umekiharibu. Ningeligeuzageuza chini ya taa ningeona vile vimulimuli vya buluu na zambarau kwenye ufa, dalili iko wazi, uvivu wangu. Nilimlipa yule mzee kidogokidogo miezi saba. Ndo maana nakwambia uliza kama jiwe limejazwa, na GIA hawatoi ngazi kwa jiwe la hivyo, kwahiyo karatasi ya kweli inakulinda hapo. Namba ya karatasi inakuwa imeandikwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, lenzi inaisoma, af unaihakiki kwenye tovuti yao. Ukikuta karatasi imeandikwa SI3 jua sio ya GIA, wao hawana ngazi hiyo.

Basi chukua SI1, kama itapita hivi: mwambie azime zile taa za kabati maana chini yake hata chupa ya soda inang'aa, sogea mlangoni kwenye kivuli, shika pete umbali wa kusoma gazeti, angalia juu na ubavuni. Usipoona doa wala ukungu, lipa. Lingekuwa limekatwa mstatili ningekwambia VS2 bila kufikiri, lile umbo ni kama dirisha halifichi kitu, ila la duara linametameta mpaka linasahaulisha. Na kama hela itabaki iweke kwenye jiwe lililokatwa vizuri, mng'aro unatoka huko.

Na huyo rafiki yako anayesema kwa kuwa sisi tuko Tabora na mgodi wa almasi wa Mwadui uko hapo Shinyanga basi baba atafute jiwe la bei chee kwa mtu, mwambie hapana. Jiwe la kwenye kikaratasi cha sigara sinunui.

Kidole umempima? Mpime jioni, sio asubuhi, asubuhi vidole vinakuwa vimesinyaa na baridi halafu pete ikija haipiti kwenye fundo.

Baba yako