Sanduku la Maswali: Mieleka ya Japan, Lumbesa na Faini ya Kikoba

Safari hii barua zote zimetoka Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na zote zinagusa vitabu vya uchumi vinavyoandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida. Tumezifupisha.

Swali: Mwanangu ameniachia kitabu cha uchumi cha Levitt na Dubner. Nilidhani nitakuta michoro na hesabu, kumbe kinasimulia wacheza mieleka wa Japan! Nimekisoma hadi usiku wa manane. Lakini mimi nauza maharage. Mieleka inanihusu nini, na mbona vitabu vya chuo havinogi hivi? – *Mama wa maharage, Mwanga*

Jibu: Mama, kinanoga kwa sababu kinaanza na kitendawili. Kitabu cha chuo hutanguliza kanuni, mfano hufuata baadaye, na wengi hawafiki kwenye mfano. Levitt ni mchumi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, Dubner ni mwandishi wa habari. Kitabu chao cha kwanza, Freakonomics, kilitoka mwaka 2005, na utaona wamegawana kazi: mmoja analeta takwimu, mwenziwe anatega.

Mieleka yenyewe usiiruke, maana ndipo penye nyama. Mcheza sumo, yaani mieleka hiyo ya Japan, wa daraja la juu hupigana mara 15 katika shindano moja. Akishinda 8 au zaidi, cheo chake kiko salama. Akiishia 7, kwa kawaida hushuka. Ushindi wa nane, basi, una thamani kuliko wa saba na wa tisa. Sasa siku ya mwisho mwenye ushindi 7 na vipigo 7 anakutana na mwenye 8 kwa 6, ambaye ameshasalimika. Kwa rekodi zao za nyuma, yule wa 7 alitarajiwa kushinda chini kidogo ya nusu ya mapambano ya aina hiyo. Alishinda karibu 80 katika kila 100. Wawili hao wakikutana tena wakati hakuna aliye ukingoni, anashinda kama 40 tu. Haikuhitajika mtu kuona bahasha ikipokewa. Hesabu ndiyo iliyosema kwamba walikuwa wakiachiana ushindi.

Funzo ni kwamba watu hufuata kile kinachowalipa. Njoo nalo sokoni. Tafuta mahali ambapo malipo yanahesabiwa kwa kipimo kimoja na mali inahesabiwa kwa kingine. Tuseme, kwa mfano tu, nauli kutoka Kasulu ni shilingi 5,000 kwa gunia. Gunia la kilo 100 linakugharimu shilingi 50 kwa kilo. Likishindiliwa na kuwekewa kilemba hadi kilo 130, nauli inashuka hadi kama shilingi 38. Hiyo ndiyo lumbesa. Kanuni za vipimo zinakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini maadamu nauli na ushuru vinatozwa kwa gunia, mkono utazidi kushindilia, na mkulima aliyepatana bei kwa gunia ametoa kilo 30 bure.

Kwenye daftari lako andika kila kitu kwa kilo. Jumlisha bei ya kununulia, nauli, ushuru na vibarua. Pepeta na uchague kwanza, kisha pima kwa mzani. Kama kilo 100 zimebaki 96, gawanya jumla kwa 96. Wengi hugawanya kwa 100, halafu wanashangaa faida imekwenda wapi.

Swali: Baada ya kusoma kwamba watu hufuata motisha, niliwashawishi wenzangu kwenye kikoba tuweke faini ya shilingi 500 kwa mchelewaji. Zamani walichelewa 3 kati ya 25. Sasa wanafika 8, na wanalipa huku wakicheka! Kitabu kimenidanganya? – *Katibu wa kikoba, Gungu*

Jibu: Hakikudanganya, ila hukuifuata habari hadi mwisho. Wachumi Gneezy na Rustichini walijaribu jambo hilo hilo katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000. Vituo 6 viliweka faini ya shekeli 10 kwa mzazi aliyechelewa zaidi ya dakika 10 kumchukua mtoto. Vituo 4 viliachwa kama vilivyo ili kulinganisha. Kwenye vituo vya faini, wachelewaji waliongezeka hadi karibu maradufu. Kabla ya hapo mzazi alikuwa akimwonea haya mwalimu anayemsubiri. Faini ilipokuja, haya ikaondoka, kuchelewa kukawa kitu cha kununua, tena kwa bei poa, maana ada ya mwezi ilikuwa shekeli 1,400. Kikoba chenu nacho kimeuza ruhusa ya kuchelewa kwa shilingi 500.

Jambo gumu ni hili: kule Haifa faini ilipofutwa, wachelewaji hawakupungua. Kwa hiyo kuifuta tu kesho hakutawarudisha kwenye 3. Kuipandisha hadi 5,000 kunaweza kuwatisha, lakini kunaweza pia kumfukuza mama ambaye siku hiyo alikuwa na mgonjwa. Sisi tungeibadilisha adhabu iguse kile kilichowaleta kikobani. Mkutano ufunguliwe saa iliyotajwa, hata wakiwa 10. Maombi ya mikopo yasikilizwe kwa mpangilio wa kufika, na fedha zikiisha, wa mwisho asubiri mkutano ujao. Anayechelewa aeleze sababu mbele ya wenzake. Kabla ya kuanza, andika idadi ya wachelewaji kwa mikutano minne, kisha minne baada ya badiliko, na usiguse kitu kingine katikati. Mkibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hamtajua lipi limefanya kazi.

Swali: Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Je, nianze na vile vitabu vya kuwa tajiri vinavyouzwa kando ya barabara? – *Bodaboda, Ujiji*

Jibu: Hivyo ni vitabu vya nasaha za fedha. Vingine vinafaa kukufundisha kuweka akiba, lakini havipimi kitu. Cha uchumi utakitambua hivi: kinakwambia walihesabiwa watu wangapi, wapi, na walilinganishwa na akina nani. Kwa lugha, chagua sura moja yenye mada unayoijua, mafuta au nauli, usome aya ya kwanza na ya mwisho, kisha katikati. Neno lisilojulikana lipigie mstari, usisimame.

Swali: Kuna mchumi yeyote aliyewahi kuwaangalia wavuvi? – *Mchuuzi wa dagaa, Kibirizi*

Jibu: Yupo. Robert Jensen alifuatilia wavuvi wa sadini wa jimbo la Kerala, India, wakati simu za mkononi zilipokuwa zikiingia, kati ya 1997 na 2001. Kabla ya simu, mashua zilikosa wanunuzi mwalo mmoja, samaki wakamwagwa, na kumbe ndani ya kilomita 15 kulikuwa na wanunuzi wanaorudi mikono mitupu. Asilimia 5 hadi 8 ya samaki wa siku walipotea hivyo. Simu zilipofika, mvuvi akapiga akiwa bado majini. Bei za mialo zikakaribiana, faida yake ikapanda kama asilimia 8, na mlaji akalipa kama asilimia 4 pungufu.

Usiyahamishe matokeo hayo mazimamazima hadi Kibirizi. Sadini wa kule aliuzwa mbichi siku ile ile. Dagaa wetu akianikwa anaweza kusubiri bei, kwa hiyo simu pengine inamfaa zaidi mwenye dagaa mbichi, hasa masika, wakati chanja haikauki.

Ukitaka kupima mwenyewe, piga simu Katonga kila asubuhi saa ile ile. Andika tarehe, mwalo, bei ya kilo ya mbichi na ya kavu kwa safu tofauti, na hali ya mwezi. Safu ya mwezi ndiyo wengi huisahau. Dagaa huvuliwa kwa taa, mbalamwezi ikikolea wavuvi hupumzika na bei hupanda yenyewe. Ukilinganisha wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi utadhani simu imefanya miujiza. Linganisha giza na giza, kwa miezi mitatu angalau.