Umekandwa au umetwangwa? Mgongo wangu baada ya masaji

Mimi ni fundi cherehani, na anayeijua kazi hii anajua wiki ya mwisho ya Ramadhani inavyokuwa. Oda za Idi zimerundikana, wateja wanapiga simu kila saa, nawe umejikunja juu ya mashine toka asubuhi mpaka daku. Mwaka jana nilipotundika gauni la mwisho, mgongo ulikuwa mkavu kama ubao wa kupigia pasi. Mpwa wangu akanionea huruma. "Shangazi, Idi mosi lala. Idi pili nakupeleka masaji, nalipa mimi."

Tukaenda saluni moja huku Sinza. Chumba kinanukia mchaichai, muziki wa taratibu, na mkandaji ni kijana mwenye vidole vya fundi seremala. Alipofika chini ya bega la kulia akatulia, akabonyeza. "Mama, hapa pana vinundu. Nivivunje?"

Vunja, baba.

Akaweka kiwiko. Niling'ata taulo, machozi yakanitoka, na bado nikanyamaza. Nilijiambia dawa chungu ndiyo inayoponya, tena pesa ya mtoto wa watu imeshalipwa.

Jioni ile nilijiona mwepesi, nikamsifia kijana wa watu kwa majirani. Alfajiri ndipo mambo yalipogeuka. Kugeuka tu kitandani kulinichukua hatua tatu, kama lori linalotafuta pa kugeuzia uchochoroni. Kibandani bobini ikaniponyoka, ikabingirika chini ya meza. Nikaitazama. Ikabidi nimwite mtoto wa jirani aje aiokote.

Kama umefika hapa kwa sababu mgongo wako uko hivyo leo, tulia kwanza. Kuuma siku moja au mbili baada ya kukandwa kwa nguvu ni jambo la kawaida. Misuli iliyokaza kwa wiki nzima ukiiminya sana, ni kama umeipeleka kulima shamba ambalo haijazoea. Inatoneka ndani, inavimba kidogo, na maumivu yanajitokeza saa kadhaa baadaye. Kwa kawaida hupoa yenyewe.

Wakandaji wengi watakwambia ni sumu zinatoka, unywe maji mengi. Maji kunywa, hayana ubaya, ila kusafisha damu ni kazi ya ini na figo, si ya kiwiko cha mtu. Wengine husema ni asidi ya laktiki imegandamana mgongoni. Hiyo nayo mwili huiondoa wenyewe ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya kazi ngumu. Mimi nilikuwa nimemaliza kushona tangu juzi yake.

Kosa kubwa lakini nililifanya siku ya pili. Nilimpigia yule kijana, akasema, "Njoo mama, tumalizie, havijatoka vyote." Nikaenda! Kidonda kibichi nikakipeleka kikwanguliwe tena. Niliporudi nyumbani damu ilikuwa imevilia mahali pawili, madoa ya zambarau upana wa kiganja. Kwa hiyo ukinisikiliza kwa jambo moja tu, nisikilize hapa: mgongo uliotonekana kwa kukandwa usiurudishe kukandwa. Upe siku tano, au wiki.

Mama yangu ni mtu wa Pangani, na kukanda wazazi kwa maji ya moto amekufanya tangu mimi sijazaliwa. Alipokuja kunitazama akafunua blauzi, akaguna. "Mwanangu, umekandwa au umetwangwa?"

Pale damu ilipovilia hakupagusa kwa moto. Aliagiza barafu ya dukani, akaifunga kwenye kipande cha kanga, akaiweka dakika kumi, akaitoa. Kwingine kote alitumia maji ya moto: beseni, taulo dogo, analichovya, analikamua mpaka lisidondoke, analijaribu kwanza kwa upande wa ndani wa mkono wake, ndipo analilaza mgongoni bila kukandamiza. Likipoa, anarudia. Kama robo saa hivi, asubuhi na jioni. Akimaliza anapaka mafuta ya nazi kwa kiganja, polepole, kama anayempaka mtoto mchanga.

Tahadhari mbili hapo. Mafuta ya karafuu usiyapake matupu, yanachoma ngozi; tone moja mbili ndani ya mafuta ya nazi yanatosha. Na ukishapaka dawa ya kuchua, zile zenye ukali wa kuwasha, usiweke taulo la moto juu yake. Niliwahi kufanya hivyo kwenye goti, nikabaki na malengelenge.

Kulala nililala ubavu, mto katikati ya magoti. Mchana nilitamani kujilaza, mama akakataa, akanituma dukani kwa makusudi. Chumvi. Dakika tano baadaye, kiberiti. Nilikuwa nanung'unika, lakini alikuwa sahihi: mgongo unaolazwa siku nzima unazidi kukaza, na kutembea taratibu ndiko kunakoulegeza. Kwenye mashine nilijiwekea nusu saa, kisha nasimama na kuzunguka kibanda.

Dawa? Mimi nilimeza paracetamol za miligramu 500, mbili kwa mara moja, nikaacha saa sita ndipo nimeze tena. Kwa mtu mzima asiye na shida ya ini, mwisho ni vidonge nane kwa siku. Diklofenaki, ambazo watu huku kwetu humeza kama karanga, mimi sizigusi kwa sababu nina vidonda vya tumbo. Mwenye presha, mwenye shida ya figo na mjamzito wasizinunue bila kumuuliza daktari.

Yapo maumivu ambayo si ya taulo wala ya mama. Yakizidi badala ya kupungua ikifika siku ya nne, yakishuka mguuni mpaka chini ya goti, ukihisi ganzi au mguu unakosa nguvu, au ukipata homa, nenda hospitali. Ganzi ikiingia sehemu za siri na makalioni, au mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, ondoka saa hiyohiyo, usingoje kukuche. Na kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, kwa mfano warfarin, au uliambiwa mifupa yako imepungua nguvu, mweleze mkandaji kabla hujavua nguo. Mwambie pia asibonyeze uti wenyewe. Kazi yake iko kwenye nyama za pande mbili.

Wangu ulichukua siku sita kupona, madoa yakachelewa zaidi. Simlaumu sana yule kijana. Aliuliza, nami nikajibu vunja. Angalikuwa na uzoefu angeona jinsi nilivyokaza mwili, maana misuli inayojihami haikandiki, lakini mdomo nilikuwa nao mwenyewe na nikaujaza taulo.

Mwezi uliopita nimekwenda tena, kwa dada mwingine. Kabla hajaanza tukakubaliana hesabu: moja hadi kumi, nikitaja sita anapunguza. Nilitaja sita mara mbili, akapunguza mara mbili bila kununa. Alipofika chini ya bega la kulia akatulia, akabonyeza. "Dada, hapa una vinundu."

Nikamwambia aviache hapohapo, nina sare za harusi za kukabidhi Jumamosi.