Usilale ndani ya Ghuba ya Winam na kifaa cha upepo

Ndugu wa Nakuru, acha kwanza. Nimesoma mpango wako mara mbili. Utoke Mbita jioni kwa chombo chako cha matanga, uingie Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria unaofika Kisumu, ufunge kifaa cha upepo kikushikie usukani, ulale saa mbili tatu, uamkie karibu na Kisumu, na hayo ndiyo yawe mazoezi ya safari ya Kilifi hadi Ushelisheli. Unauliza ununue kifaa cha aina gani, bawa lake linalopokea upepo liwe la plaiwudi au alumini, na utaokoa betri kiasi gani. Mimi nimelala hapo hapo unapotaka kulala, nikaamkia kwenye mawe ya Asembo.

Kifaa hiki hakishiki njia, kinashika upepo. Shika hilo kabla hujatoa hata shilingi. Bawa la juu umelipanga na upepo. Chombo kikigeuka, upepo unalipiga bawa ubavuni, linainama, na kuinama kwake kunazungusha ubao ulio majini. Maji yanausukuma ubao ule kando kwa nguvu, na kamba mbili zinavuta mkono wa usukani. Hakuna umeme hata kidogo, na kadiri chombo kinavyokwenda kasi ndivyo kifaa kinavyovuta kwa nguvu. Ni kazi safi sana, sikatai. Lakini upepo ukihama, chombo kinahama nao, na kifaa kinaona kazi yake imekwenda vizuri.

Sasa fikiria ziwa letu. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unatoka nchi kavu. Kila mvuvi wa Dunga, ufuo wa wavuvi hapo Kisumu, anajua hilo tangu utotoni, na mimi nililijua pia. Nilitoka Mbita saa kumi na moja jioni, upepo wa kusini-magharibi uko nyuma yangu upande wa kulia, omo, yaani pua ya chombo, inaelekea Kisumu. Kifaa kilishika vizuri mno. Saa tatu nikaweka simu iniamshe saa tano, nikajilaza.

Wakati nimelala, upepo wa ziwa ulikufa na mwingine ukashuka kutoka upande wa milima ya Homa, kusini-mashariki. Kwangu bado ulikuwa nyuma kulia. Chombo kiligeuka kushoto robo nzima ya duara na kushika kaskazini kuelekea Asembo, na hakuna kilichobadilika mle ndani: kuinama kule kule, mlio ule ule wa maji, tanga halikupiga kofi hata mara moja. Ndiyo maana sikuamka. Watu wanadhani mwili utahisi. Mwili utahisi nini, na hicho kifaa kazi yake yote ni kuhakikisha upepo haubadiliki kwako?

Nilipita katikati ya taa za wavuvi wa omena. Walipiga kelele, wakanimulika, wakadhani chombo hakina mtu. Hao ndio walionivuta kutoka kwenye mawe usiku ule ule, na mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa umekufa humo ndani?" Ubao wa majini ulikatika, usukani uling'oka, na fundi alibadilisha mbao tatu za chini kwa shilingi 140,000. Pesa nilizilipa nikasahau. Zile taa sijazisahau. Mtumbwi mmoja ungekuwa mbele yangu, leo ningekuwa nazungumza na familia ya mtu.

Na aliyeniuzia kifaa Mombasa aliniambia, "Ukishakifunga, wewe ni abiria." Maneno hayo hayo! Hakuniuliza nitakitumia wapi. Kuna watu wanauza usingizi, ndugu, na nimeona kwenye swali lako kwamba wamekufikia pia.

Usiniletee habari za Hasler, yule baharia Mwingereza. Ndiyo, mwaka 1960 alitoka Plymouth hadi New York peke yake ndani ya chombo chake Jester kwa siku 48, kifaa chake kikishika usukani, na mshindani wake Chichester akamtangulia kufika, akitumia siku 40 na kifaa chake. Ile ni Atlantiki. Upepo ukigeuka huko unapoteza nusu siku ya njia, kisha unapanga bawa upya. Hata kwenye kusi yetu ya Bahari ya Hindi, ukishaiacha pwani mbali, kifaa kitakufaa siku nyingi mfululizo. Winam ni mfereji wenye nchi kavu pande tatu na upepo wa zamu mbili.

Kwa hiyo: ukiwa unaona nchi kavu au taa ya mvuvi, hulali. Unatazama dira kila dakika kumi, dira yenyewe, si bawa, na unaweka programu ya simu inayolia ukitoka kwenye njia. Wakati upepo unapobadilishana zamu, unakaa na usukani mkononi.

Aina? Chukua hiyo ya ubao wa majini. Panga matanga kwanza, uachie usukani, na chombo kikikataa kwenda sawa chenyewe, punguza tanga kubwa kabla ya kulaumu kifaa.

Jumapili asubuhi niko Dunga. Njoo unitafute pale wanapoanika nyavu. Ukisisitiza kuvuka usiku, tutavuka wote: wewe utalala, dira nitaitazama mimi.