Maswali ya Wasomaji: Simba Akipanda Jukwaani

Korosho zikishauzwa na fedha zikiingia mifukoni, kusini hakuna Jumamosi isiyo na ngoma. Safari hii barua zilizotufikia zinahusu mgeni asiyezoeleka kwenye ngoma zetu, naye ni simba. Tumechagua tano.

Nina ukumbi Masasi. Amekuja mtu anataka kukodi siku tatu, alete simba wawili na mchezeshaji wao. Anasema wamelelewa kwa maziwa ya chupa tangu wadogo na hawajawahi kuonja damu, kwa hiyo ni kama mbwa. Nimwulize nini kabla sijasaini?

Ndugu yetu, anza na hiyo damu. Simba mzima hula wastani wa kilo 5 hadi 8 za nyama kwa siku. Kama hawa hawajaonja damu, mwulize wanashindia ugali upi. Hamu ya kukamata haitokani na ladha ya damu. Mnyama huzaliwa nayo, na huamshwa na kitu kinachokimbia, kinachoanguka au kinachompa mgongo. Simba aliyekulia kwenye chupa ni hatari kwa namna yake, kwa sababu hamwogopi mtu. Yule wa porini mara nyingi hujitenga akisikia sauti zetu.

Sasa karatasi. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori aliye hai hamilikiwi kama mbuzi. Anayemshikilia lazima awe na kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Taka kukiona chenyewe, si picha ya simu. Linganisha idadi ya wanyama na tarehe, kisha kipeleke kwa ofisa wanyamapori wa wilaya (bwana nyama, kama wazee wanavyomwita) akithibitishe. Ongeza cheti cha daktari wa mifugo. Wengi huishia hapa, maana mwenye simba huanza kusema karatasi zimebaki Dar es Salaam.

Zikipatikana, nenda kwenye chuma. Uwanja wa sarakasi wa kizamani una kipenyo cha mita 13 hivi, na uzio wa kuwazuia simba huzunguka wote. Urefu wake usipungue mita 4, na sehemu ya juu iiname kuelekea ndani, kwa sababu simba huruka mita 3 na ushee kwenda juu bila kukimbia sana. Ukumbi wako ukiwa na dari fupi, kizimba kifunikwe juu kabisa. Vipande viungwe kwa bolti na nati, visifungwe kwa waya. Nyaya zinazosokotwa kwa koleo ndizo zinazoachia mnyama wa kilo 190 anapojitupa upande mmoja. Sakafu yako ni ya saruji, haipigiki vigingi, basi fremu zishikwe kwa mihimili inayovuka juu ili zisipinduke.

Milango iwe miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Wa kwanza ufungwe ndipo wa pili ufunguliwe, na kila mmoja uwe na komeo lake na mtu wake. Kati ya sanduku la kusafiria na uwanja pawe na njia ya nondo iliyofunikwa pande zote. Ajali nyingi za wanyama kutoroka hazitokani na simba kuvunja chuma. Mtu amesahau komeo, au ameshika komeo huku anapokea simu.

Mchezeshaji akiwa ndani, nje wabaki wasaidizi wawili wasio na kazi nyingine: mmoja mlangoni, mwingine na mpira wa maji wenye msukumo au mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dayoksaidi. Mvumo na baridi ya gesi ile humfanya simba aachie na kurudi nyuma, mara nyingi, si kila mara. Awepo pia askari wa wanyamapori mwenye silaha na mamlaka ya kuitumia. Bunduki ya sindano ya usingizi isikudanganye. Dawa huchukua dakika 5 hadi 15 kumlaza, na mnyama aliyepandwa na hasira huchelewa zaidi. Katika dakika hizo mtu amekwisha.

Umeme nao unajulikana. Ukikatika katikati ya onyesho, mtu aliye ndani anakuwa kipofu na simba anaendelea kuona, kwa sababu macho yake yameumbwa kwa usiku. Taa za betri zinazowaka zenyewe ziwepo kabla hata ya kuzungumzia jenereta, kwani jenereta huhitaji mtu wa kukimbia kuliwasha. Spika zisielekezwe kizimbani. Kamera za mmweko zikatazwe mlangoni.

Viti vya mbele, sisi tusingeviweka chini ya mita 3 kutoka kwenye nondo. Sababu ya kwanza ni makucha. Ya pili haitangazwi kwenye mabango: simba dume hurusha mkojo kwa nyuma, unafika mita mbili na zaidi, na harufu yake haitoki kwenye kanzu.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe mwenye ukumbi. Kumbi nyingi hufunga milango ya pembeni kwa minyororo ili watoto wasiingie bila tiketi. Watu mia tano wakitaka kutoka kwa mpigo kupitia mlango mmoja, watakaoumizwa na simba ni wachache kuliko watakaokanyagana. Milango yote ifunguke kwa nje, na isifungwe onyesho likiendelea.

Ukituuliza kama usaini: usisaini. Gharama ya kuyatimiza haya yote ipasavyo ni kubwa kuliko tiketi za siku tatu, kwa hiyo anayekuhakikishia faida, kuna kitu amekipunguza.

Mimi ni mwalimu, Newala. Wanafunzi waliniuliza: kwa nini mnyama amgeuke aliyemlea? Sikuwa na jibu la kuridhisha.

Mwalimu, tenganisha maneno matatu: kufugwa, kuzoeshwa na kufunzwa. Ng'ombe na mbwa wamefugwa kwa vizazi maelfu, na waliokuwa wakali hawakuachwa wazae. Simba na chui milia hawajapitia hayo. Mmoja anaweza kuzoea sura ya mtu na kufunzwa kupanda kigoda kwa kupewa kipande cha nyama kwenye ncha ya fimbo, lakini mwanawe atazaliwa wa porini vilevile.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Roy Horn, wa jozi ya wanamazingaombwe Siegfried na Roy. Tarehe 3 Oktoba 2003, siku aliyotimiza miaka 59, alikuwa jukwaani katika hoteli ya The Mirage, Las Vegas. Chui milia mweupe aitwaye Mantacore, mwenye miaka saba na kilo zipatazo 170, alimng'ata shingoni na kumburuta nje ya jukwaa. Onyesho lile lilikuwa limechezwa pale tangu 1990, na mnyama yule alikuwa amelelewa nao. Horn alipona, lakini upande mmoja wa mwili ulipooza kwa sehemu. Aliishi hadi 2020. Chanzo kinabishaniwa hadi leo: wenyewe walisema Horn alipatwa na kiharusi na mnyama akataka kumwokoa, mmoja wa wafanyakazi wao akasema Horn alikosea namna ya kumwongoza. Lisilobishaniwa ni kwamba kati ya jukwaa na watazamaji hapakuwa na kizuizi chochote. Hili lingepaswa kuwatisha watu kuliko jeraha lenyewe.

Julai 2019, karibu na Bari nchini Italia, mchezeshaji mzoefu Ettore Weber, mwenye miaka 61, aliuawa na chui milia wanne akiwa mazoezini. Mmoja alianza, wengine wakajiunga. Hivyo ndivyo ilivyo kwa wanyama hawa wakiwa kundi: kumwona mwenzake amemwangusha mtu kunatosha kumvuta wa pili.

Waeleze wanafunzi dalili, maana mnyama hutangulia kusema. Masikio hulala nyuma. Mkia hupigapiga kwa nguvu, tofauti na kuyumba polepole. Mboni hutanuka. Mwili hushuka na kukaza, kisha hutulia tuli macho yakiwa yameganda mahali pamoja. Utulivu huo ndio mbaya kuliko mngurumo, na ndio watazamaji huupigia makofi wakidhani ametii. Kutoka hapo, mita 10 huzimaliza kwa takribani sekunde moja na nusu.

Kinachochochea huwa kidogo sana: mchezeshaji kujikwaa, kubadili viatu au manukato, jike kuingia kwenye joto, wawili kugombania kigoda na mtu akajikuta katikati yao. Dume akifika miaka miwili na nusu au mitatu, huanza kujaribu nani mkubwa. Aliyemnyonyesha chupa hupimwa kwanza, kwa sababu ndiye aliye karibu.

Sisi ni kikundi cha muziki Mtwara mjini. Tunataka mtoto wa simba kwenye jukwaa na kwenye video, wa miezi mitatu tu. Huyo naye ana shida gani?

Bila kibali, ni kosa la jinai kama kumshika mkubwa. Mwenye kumkodisha naye huwa amemtenga na mama yake mapema, maana wa kubebeka mikononi hudumu wiki chache. Akifika mwaka mmoja anapita kilo 50. Mwanzoni ni makucha tu, ambayo yakifika jichoni yanatosha. Tena watoto hawa wakilishwa nyama tupu isiyo na mifupa hukosa madini ya chokaa (kalsiamu), miguu ikapinda na kuvunjika. Marekani ilipiga marufuku umma kuwashika mwishoni mwa 2022.

Vaeni kinyago. Mtu wa kusini kutafuta mnyama wa kumcheza jukwaani ilhali wachongaji wa Kimakonde wapo, tunashangaa kidogo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Lindi. Kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Ngongo, nikikuta simba kwenye kizimba, niwasogeze watoto hadi wapi?

Mama, angalia vitu viwili. Kwanza, kuna kamba au reli ya pili mbele ya kizimba? Mkono wa mtu mzima una sentimita 70 hivi, na mguu wa mbele wa simba ukipenya kati ya nondo hufika karibu mita moja. Ndiyo maana nafasi hiyo isipungue mita moja na nusu, na mbili ni bora. Kama haipo, ipime mwenyewe kwa hatua tatu kubwa na usizipunguze kwa ajili ya picha. Pili, waya. Unaofaa una unene wa karibu milimita 5 na matundu ya sentimita 5 kwa 5. Matundu yakipitisha ngumi ya mtoto, pia yanapitisha ukucha.

Usimwinue mtoto juu ya reli, usimwache akimbie huku na huko mbele ya kizimba, na akitaka kupigwa picha asimpe simba mgongo akiwa amechuchumaa. Kwa simba, mtoto aliyechuchumaa ana kimo cha mawindo.

Nalima Nachingwea. Simba wa kuchezeshwa na simba wa shambani, yupi mbaya? Na akishang'ata mtu, cha kwanza ni nini?

Wa shambani ameua wengi zaidi, na mikoa yetu inaongoza kwa hilo. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulihesabu watu 563 waliouawa na simba nchini kati ya 1990 na 2004, wengi wao pwani ya kusini. Chanzo kikubwa ni nguruwe pori: wanaingia mashambani, mkulima analala kwenye dungu kuwafukuza, simba anawafuata nguruwe na kumkuta mtu. Hatari hupanda msimu wa mavuno, na hasa siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za jioni ambapo giza limeshaingia na mwezi haujachomoza. Ukikutana naye usikimbie. Mtazame, jitanue, piga kelele, rudi nyuma polepole.

Huduma ya kwanza ni ileile kwa wote wawili. Damu ikichuruzika, gandamiza kwa kitambaa safi moja kwa moja bila kuinuainua kuchungulia. Jeraha likiwa shingoni, mlaze asigeuzwe kichwa, na uangalie pumzi kabla ya kitu kingine. Damu ikidhibitika, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, hata kama linaonekana dogo. Meno ya simba ni marefu na membamba nchani: juu huacha tundu la kidole, chini hupandikiza bakteria ndani ya msuli, na uvimbe huweza kuanza kabla ya saa 24. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya majani. Usikubali lishonwe kijuujuu haraka, maana kidonda cha meno kikifungwa mapema hutunga usaha.

Hospitali, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda au iliyo karibu nawe, taja waziwazi kwamba ni meno ya simba. Mgonjwa anahitaji antibiotiki, sindano ya pepopunda, na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani simba pia huugua kichaa hicho. Dozi za mwanzo za chanjo ni siku ya 0, ya 3 na ya 7, na nyingine hufuata kulingana na njia ya kudunga. Jeraha likiwa limetoboa ngozi, uliza pia kuhusu kinga ya haraka inayodungwa kuzunguka kidonda siku hiyo ya kwanza. Huku nyuma, mtu mmoja aende kwa mtendaji wa kijiji na kwa bwana nyama siku hiyohiyo, kwa sababu simba aliyemwachia mtu akiwa hai mara nyingi bado yupo jirani.