Maswali na Majibu: Kuonyesha filamu za ulemavu chuoni

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanafunzi na walezi wa klabu wanaojiandaa kwa tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Tumeyafupisha.

Tumepata filamu nyingi na karibu zote zinaliza watu. Tuchagueje?

Itazameni kila moja mpaka mwisho, na wanafunzi wenye ulemavu wawemo kwenye kamati, si kualikwa siku ya mwisho kutoa baraka. Angalieni kama mhusika anajiamulia mambo yake au yupo ili wengine wajifunze kitu kupitia kwake. Je, shida yote imewekwa mwilini mwake, au tunaonyeshwa pia ngazi, kanuni na tabia za watu? Na hadithi inaishaje: lazima apone au afe? Mwaka 2012 Stella Young, mwandishi wa Australia aliyetumia kiti cha magurudumu, alilalamikia mtindo wa kuwageuza watu wenye ulemavu kuwa dawa ya kuwatia moyo wasio na ulemavu. Filamu nyingi za kuliza zimo humo: mtazamaji anaondoka akimhurumia mhusika, wala hagundui kwamba maabara anayosomea yeye mwenyewe ina ngazi tatu mlangoni.

Kwa kuanzia tunapendekeza Crip Camp ya mwaka 2020. Inafuata vijana wenye ulemavu waliokutana kambini, ambao baadhi yao walishiriki mwaka 1977 kukalia jengo la serikali San Francisco kwa wiki kadhaa, wakidai kanuni za kuzuia ubaguzi zitiwe saini. Mmoja wa waongozaji wake, James LeBrecht, ana ulemavu na alikuwa kambini hapo. Lakini ni ndefu, inapita saa moja na dakika 40. Kama ukumbi mmepewa saa mbili, mjadala hautakuwepo. Hapo chukueni filamu fupi mbili za dakika 15 hadi 20.

Klabu ina akaunti ya kulipia ya kutazama filamu mtandaoni. Inatosha?

Haitoshi. Akaunti hizo kwa kawaida ni za kutazama nyumbani, na kutotoza kiingilio hakubadilishi hilo. Ulizeni kwanza maktaba ya chuo, huenda ina haki za maonyesho. Kama haina, mwandikieni msambazaji wiki sita kabla, mkitaja tarehe na idadi ya viti. Katika barua hiyohiyo ombeni faili la maandishi ya chini ya picha na la maelezo ya sauti kwa wasioona.

Hakuna kiziwi aliyejiandikisha. Bado tuwashe maandishi?

Washeni. Wengi hawajiandikishi, na wengine wameacha kuja kwa sababu kila mara walikuta hayapo.

Yawe maandishi yaliyoandaliwa kwa ajili ya viziwi, yaani yanayoonyesha pia nani anasema, simu inaita chumba cha pili, muziki umekatika. Tafsiri ya mazungumzo peke yake huacha hayo yote. Yanayotengenezwa na kompyuta yenyewe hukosea majina na kuunganisha sentensi, kwa hiyo mtu ayapitie yote kabla.

Faili la srt, yaani lile lenye maandishi hayo, lipeni jina lilelile la video, mliweke kwenye folda moja nayo, na mlihifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi, la sivyo herufi zenye alama zitageuka vikolokolo. Mkitumia programu ya VLC, maandishi yakitangulia sauti bonyezeni H, yakichelewa G. Kisha mtu akae kiti cha mwisho kabisa asome, na mwingine akae katikati aone kama vichwa vya walio mbele vinaziba mstari wa chini. Vikiziba, inueni picha au pangeni viti kwa kupishana. Fanyeni jaribio hili kwa kompyuta itakayotumika. Kinachoharibu maonyesho mengi ni kuletwa kompyuta nyingine dakika ya mwisho, mipangilio yote ikabaki kwenye ile ya kwanza.

Asiyeona atapata nini kwenye filamu?

Atapata filamu nzima, mkiwa na maelezo ya sauti: msimulizi anayeeleza kinachoonekana, wakati wahusika wamenyamaza. Kama filamu haina, andaeni msimulizi wenu. Aitazame mara kadhaa, aandike maelezo yake, apime kama yanaingia kwenye nafasi za kimya. Asimulie kitendo, aache hukumu. "Anaikunja barua, anaiweka chini ya godoro" inatosha. "Ana huzuni" msikilizaji ataamua mwenyewe. Kumwachia rafiki amnong'oneze si mpango.

Wenye viti vya magurudumu wakae nyuma?

Wachague, kama wengine. Ondoeni viti sehemu mbili au tatu tofauti, kila nafasi iwe angalau sentimita 90 kwa 120, na kiti cha mwenzake kibaki kando. Jukwaa nalo lifikike, maana mzungumzaji wenu anaweza kuwa mtumiaji wa kiti hicho. Muulizeni pia mlinzi kama lifti huzimwa jioni.

Tangazo liseme nini zaidi ya saa na mahali?

Litaje huduma zilizopo, namba ya kuombea nyingine, na onyo kama filamu ina mwanga unaomwekamweka, kwa ajili ya wenye kifafa. Mkipunguza sauti, mkaacha taa hafifu na kuruhusu watu kutoka na kurudi, semeni. Wapo wenye usonji watakaokuja kwa sababu hiyo.

Tulifikiri kuwafunga watazamaji vitambaa machoni kabla ya mjadala.

Msifanye. Dakika kumi gizani hufundisha woga wa kupoteza uwezo wa kuona; hazionyeshi maisha ya mtu aliyejifunza kutumia fimbo nyeupe.

Mjadala wetu huishia kwa "tumeguswa sana". Tufanyeje?

Wekeni mbele wazungumzaji wawili au zaidi wenye ulemavu tofauti, na muwalipe kama mgeni mwingine yeyote. Mwongozaji wa mjadala awe tayari kuzuia maswali ya "ulipataje ulemavu". Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili, wapokezane kila dakika 15 hadi 20, wamulikwe taa, na wapewe filamu wiki moja kabla. Kila anayesema atumie kipaza sauti, hata mwenye sauti kubwa.

Swali la kwanza liwe: tukio gani la filamu hii linaweza kutokea hapa chuoni kesho? Yatatajwa mambo mahususi, kama mtihani usio na maandishi makubwa au choo kilichogeuzwa stoo. Chagueni moja. Mwalikeni mapema afisa mwenye mamlaka nalo, aseme mbele ya ukumbi litashughulikiwa lini, na katibu aiandike tarehe hiyo.