Barua kwa mwanangu: hiyo Chevelle utaiendesha wapi?

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mama. Sisi huku Houston hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama mjukuu wake ameshapona mafua.

Picha zote zimefika na swali lako nimelielewa. Umeona Chevelle SS (toleo la nguvu la gari la Chevrolet) ya mwaka 1970 inauzwa huko Grand Rapids, injini ya inchi za ujazo 454. Muuzaji amekwambia imeongezewa nguvu na ameshaikimbiza sana kwenye uwanja wa mashindano ya mbio fupi za robo maili. Unataka kujua kama utaweza kuendesha gari hilo mjini na kwenda nalo hospitalini kwenye zamu zako, maili 30 kwenda na 30 kurudi.

Kama lilivyo sasa, hapana. Ila sababu yangu si ile unayoambiwa na wenzako, kwamba gari lina nguvu mno. Magari haya yalizaliwa barabarani. Mwaka 1964 Pontiac walichukua injini ya inchi 389, wakaitia kwenye gari la ukubwa wa kati, wakaliita GTO. Aliyelinunua alikwenda nalo kazini Jumatatu. Pale Woodward Avenue, Detroit, vijana walishindana kutoka taa hadi taa, na wahandisi wa viwanda nao walifika na magari yao kuyajaribu. Hata Chevelle ya LS6, injini kali zaidi ya 454 ya mwaka huo, iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450, ilitoka kiwandani ikiwa gari la kuwasha na kwenda dukani. Mara nyingi kinacholiondoa gari barabarani ni mikono iliyolishika baadaye.

Hiyo 450 yenyewe usiilinganishe na namba za magari ya leo. Enzi zile injini ilipimwa tupu juu ya stendi, bila sailensa zake wala vifaa inavyoviendesha ikiwa ndani ya gari. Viwanda vya Marekani vilikuja kubadili hesabu hizo kufikia mwaka 1972. Kwa hiyo huyo bwana akikutajia nguvu za farasi 600, muulize zinapatikana injini ikizunguka mara ngapi kwa dakika. Akisema 6,500, ujue wewe mjini utakuwa chini ya 2,500 karibu muda wote, na huko chini ndiko inakobidi tulichunguze gari.

Jambo kubwa ni kamshafti, chuma kinachofungua na kufunga valvu za injini. Ya mashindano huziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi. Injini ikienda kasi inapata hewa ya kutosha na inatoa nguvu ya ajabu. Ikienda polepole, muda huo huo wa valvu kuwa wazi unaivuruga: moshi uliokwisha kuungua unajichanganya na mchanganyiko mpya, injini inayumba, gari zima linatikisika ukiwa umesimama. Watu wanaupenda mlio ule, na mimi naupenda pia, siwezi kukuficha. Lakini injini inayoyumba hivyo haivuti hewa vizuri, na mvuto huo wa hewa ndio unaosaidia breki kupitia haidrovaki, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako. Unafika kwenye taa, unakanyaga mara ya kwanza, sawa. Unaachia, unakanyaga tena, na tena mtu anapokukatia mbele, na mara hii pedali inagoma. Mguu wako unasukuma peke yake gari la zaidi ya kilo 1,700.

Nimewahi kuyaona haya kwenye gereji, gari likiwa zuri kuliko hili, rangi inang'aa, na mwenyewe hajui kwa nini breki zinamtoroka kwenye foleni. Kwa hiyo mwombe muuzaji afunge geji ya mvuto wa hewa kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa, injini ikiwa imepata moto. Injini ya kawaida yenye afya husoma kama inchi 17 au 18 za zebaki. Ikiwa chini ya 10 na hajaweka pampu ya kusaidia, usilitoe gari hilo uani kwake.

La pili ni petroli. Amekuandikia kwamba kompresheni ni 12 kwa 1, yaani kila silinda inabana mchanganyiko hadi sehemu moja ya kumi na mbili, na kwenye picha ya tatu, nyuma ya gari, nimeona pipa la petroli ya mashindano. Hilo pipa limenijibu maswali mengi. LS6 yenyewe ilikuwa 11.25 kwa 1, tena wakati petroli ya kituoni ilikuwa na risasi iliyopandisha okteni, yaani uwezo wa petroli kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati. Mwaka 1971 General Motors walishusha kompresheni ili injini zao ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo, na tangu 1996 petroli yenye risasi imepigwa marufuku kwa magari ya barabarani nchini Marekani. Leo kituoni okteni ya juu utakayopata ni 91 au 93. Ukiitia kwenye injini ya 12 kwa 1 yenye silinda hedi za chuma, itagonga ukipanda kilima, na kugonga kukiendelea pistoni zinavunjika. Silinda hedi za aluminiamu huvumilia zaidi kidogo, basi muulize alizofunga ni zipi.

Difu anasema ni 4.10, yaani shafti inazunguka mara 4.10 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Giaboksi ni Turbo 400, ya otomatiki, gia tatu, na ya tatu haipunguzi mzunguko. Nimepiga hesabu kwa tairi za inchi 27: kwenye maili 65 kwa saa injini itakuwa inazunguka karibu mara 3,300 kwa dakika, safari nzima, alfajiri, umetoka zamu ya usiku. Kwa mafuta, usitegemee zaidi ya maili 8 hadi 10 kwa galoni.

Halafu mtoto. Kiti cha nyuma kina mikanda ya kiunoni tu na hakuna vishikizo vya kufungia kiti cha mtoto. Puto za hewa hakuna. Na chumvi wanayomwaga barabarani huko Michigan wakati wa baridi italila bodi hilo ukiangalia. Mengi ya magari haya yamekufa kwa kutu kabla injini haijachoka. Mjukuu wangu abaki kwenye Toyota yako.

Kuna jingine limenikera kwenye picha. Magurudumu ya mbele yana breki za dramu. Mwaka 1970 ukinunua kifurushi cha SS ulipewa breki za diski mbele, na difu yenye boliti 12 kwenye mfuniko, kwa hiyo nahofu hii si SS halisi. Lala chini uzihesabu boliti. SS ilikuwa nyongeza juu ya Malibu, mojawapo ya matoleo ya Chevelle, kwa hiyo namba ya chesisi haitakuthibitishia kitu. Ithibati nzuri ni karatasi ya kiwandani inayoorodhesha vifaa vya gari, ambayo mara nyingi hukutwa juu ya tangi la mafuta. Asipokuwa nayo, bei anayotaka ni ya kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ninavyoona mimi, tafuta Malibu ya mwaka huo huo yenye injini ya 350 ya kabureta ya midomo miwili. Umbo ni lile lile unalolipenda, pua ni nyepesi, kwa kompresheni ya kiwandani ya 9 kwa 1 itatumia petroli ya kituoni, na pesa itakayobaki itatosha diski za mbele na giaboksi ya kampuni ya Tremec yenye gia ya tano. Gari hilo utaliendesha Mei hadi Oktoba bila hofu. Kama moyo wako umegoma kutoka kwenye 454, basi mshushie bei kiasi cha kubadili kamshafti, pistoni, difu na breki, maana vyote vinne vitakwenda pamoja. Ukibadili kimoja umeharibu hesabu ya vingine.

Jumamosi ukienda, mwambie mapema asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti kwanza, iwe baridi. Aiwashe wewe ukiwa umesimama pale, iachwe ingurume dakika 20, uangalie mshale wa joto bila kuondoa macho. Ukitulia kati ya nyuzi 180 na 200 za Farenhaiti, redieta na feni zinafanya kazi. Ukizidi kupanda, mwambie azime. Nipigie ukiwa hapo hapo, uisogeze simu karibu na injini niisikie mwenyewe. Pesa ya amana usitoe kabla hatujaongea.

Wako akupendaye,
Baba