Pomboo, popo na pimbi: maswali yenu kuhusu waliowapanga wanyama zamani

Baada ya makala yangu fupi kuhusu watu waliowagawa wanyama kwa makundi kabla ya elimu ya vinasaba, maswali yamekuja mengi. Haya ndiyo yaliyotosha nafasi.

Shuleni tulifundishwa kwamba Linnaeus ndiye baba wa uainishaji. Kabla yake hapakuwa na mtu? (Mwalimu, Tanga)

Walikuwepo, mwalimu, na mmoja alimtangulia kwa miaka zaidi ya elfu mbili. Karne ya 4 KK, mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alikaa kisiwani Lesbos akichunguza viumbe wa bahari na kuwasikiliza wavuvi. Aliwagawa wanyama mafungu mawili makubwa: wenye damu na wasio na damu, yaani damu nyekundu. Pomboo alimtoa kwenye samaki, kwa kuwa ana mapafu, anazaa na kunyonyesha. Linnaeus mwenyewe, katika kitabu chake *Systema Naturae* cha mwaka 1735, bado alimweka nyangumi pamoja na samaki. Alijisahihisha katika toleo la 1758.

Kinachonifurahisha zaidi ni habari ya papa. Aristotle aliandika kwamba yuko papa ambaye mtoto wake tumboni hushikamana na mama kwa kiungamwana, kama mtoto wa mbuzi. Wasomi wengi walilichukulia jambo hilo kama porojo, mpaka miaka ya 1840 Mjerumani Johannes Müller alipompasua papa wa aina hiyo na kukuta ni kweli. Aliyewahi kusimama mnadani papa mwenye mimba akipasuliwa hatashangaa sana.

Lakini Aristotle huyohuyo aliandika kwamba mwanamke ana meno machache kuliko mwanamume. Kwa samaki aliwauliza wavuvi. Kwa meno, inaonekana hakuuliza mtu.

Neno "hayawani" lina uhusiano wowote na vitabu hivi vya kale? (Mombasa)

Neno ni la Kiarabu, na ndilo lililo katika jina la kitabu cha mwandishi al-Jahiz wa Basra, karne ya 9: *Kitab al-Hayawan*. Humo anamtaja Aristotle mara nyingi, akimwita "mwenye mantiki". Anawagawa wanyama kuwa wanaotembea, wanaoruka, wanaoogelea na wanaotambaa, kisha anaonya mwenyewe kwamba si kila kirukacho ni ndege, wala si kila aishiye majini ni samaki.

Ni kweli popo aliwahi kuhesabiwa ndege? (Mwanafunzi, Iringa)

Kweli kabisa. Mwaka 1555 zilitoka kazi mbili kubwa kuhusu ndege, moja ya Conrad Gessner wa Zurich, nyingine ya Mfaransa Pierre Belon, na zote mbili zina popo ndani yake. Gessner aliwapanga wanyama kwa alfabeti katika kila juzuu, jambo linalorahisisha kutafuta jina lakini halikuambii nani ndugu wa nani.

Belon ndiye alifanya jambo jipya. Alichora kiunzi cha mifupa ya mtu na cha ndege, akaviweka ubavu kwa ubavu, akaitia mifupa inayolingana herufi zilezile: bega kwa bega, mkono kwa bawa. Hakueleza kwa nini zinalingana. Ila mchoro ule hadi leo unamfanya mtu ajipapase kiwiko.

Na sokwe? (Kigoma)

Edward Tyson, daktari wa London, alimpasua sokwe mchanga aliyeletwa kutoka Angola, akachapisha kitabu mwaka 1699. Alihesabu mambo 48 ambayo kwayo sokwe anafanana zaidi na mtu kuliko na nyani, na 34 ambayo kwayo anafanana zaidi na nyani.

Mjomba anashikilia kwamba pimbi ni ndugu wa tembo. Mimi naona panya mnene tu. (Dodoma)

Mpe mjomba ushindi wake. Macho yako yamekudanganya kama yalivyomdanganya mwanasayansi Mjerumani Pallas, aliyemweka pimbi kundi moja na simbilisi mwaka 1766. Georges Cuvier, mjini Paris, alitazama mifupa na magego, akaona yanafanana na ya kifaru, akamhamishia kwa wanyama wa ngozi nene, walimokuwa kifaru na tembo pia. Kwa kifaru alikosea, kwa tembo alikuwa jirani sana: leo tunajua kwamba jamaa wa karibu wa pimbi walio hai ni tembo na nguva.

Na tembo wenyewe waliwahi kuchanganywa. Linnaeus mwaka 1758 alitambua aina moja tu, kwa jina *Elephas maximus*, ambalo sasa ni la tembo wa Asia. Miongoni mwa vielelezo vyake, yaani mabaki halisi ambayo jina lilitegemea, kilikuwemo kijusi kilichohifadhiwa ndani ya spiriti. Mwaka 2013 watafiti walikipima wakakuta ni cha tembo wa Afrika, na jina likabidi lihamishiwe kielelezo kingine: kiunzi kilichoko Florence, ambacho Mwingereza John Ray alikiona mwaka 1664.